Nani Aliwaambia Hii ni ya Watoto?

Ijumaa Kuu moja, miaka minane iliyopita, tulitundika shuka jeupe kwenye ukuta wa ukumbi wa usharika, tukaazima projekta kwa mwalimu mmoja wa sekondari, tukawatangazia washarika wote waje jioni kutazama The Passion of the Christ, filamu ya Mel Gibson ya mwaka 2004. Walikuja wengi kuliko waliokuja ibadani mchana. Watoto wa shule ya Jumapili tuliwaketisha mbele kabisa, juu ya mikeka, waone vizuri. Tuliona tumewapa heshima.

Wanaoijua filamu ile wanajua kwamba watu wake husema Kiaramu, Kiebrania na Kilatini. Nakala yetu ilikuwa na maandishi ya Kiingereza chini ya picha. Mwinjilisti wetu alishika kipaza sauti akawa anatafsiri, naye alifanya vizuri sana mpaka ilipofika zamu ya mijeledi. Pale akanyamaza. Hapakuwa na la kutafsiri. Ukumbi mzima ulisikia mjeledi tu, na pumzi za askari, na kicheko chao. Mtoto mmoja wa miaka sita, aliyekaa mstari wa kwanza, alianza kutetemeka, halafu akajikojolea. Bibi yake akapita katikati ya watu, akamfunika kwa kanga, akamtoa nje. Sisi tulibaki tumekaa. Tulidhani Roho Mtakatifu anafanya kazi.

Kesho yake bibi yule alikuja nyumbani. Tulimwamkia, akaitikia, akakataa chai. Akasema: "Baba Mchungaji, nani aliwaambia hii ni ya watoto?" Tukamjibu, "Bibi, lakini ni habari ya Biblia." Akatutazama kwa muda. "Biblia naijua," akasema. "Nimeuliza habari ya watoto."

Hatukuwa na jibu. Tunaandika makala hii kwa sababu tulichelewa miaka miwili kuelewa kwamba alikuwa ameuliza swali moja na sisi tukajibu lingine.

Miaka miwili baadaye tulipata nafasi ya kwenda Ujerumani kwa kozi fupi, kwa wenzetu wa dayosisi rafiki katika jimbo la Bavaria. Familia iliyotupokea ilikuwa na rafu ya filamu sebuleni, na katika rafu ile tuliiona filamu yetu. Kwenye jalada, pembeni chini, palikuwa na alama ya buluu yenye namba 16. Tukauliza ni nini. Mama mwenyeji, mzee wa kanisa, mtu asiyekosa ibada, alituambia kwamba chini ya miaka 16 hairuhusiwi kuuzwa wala kuonyeshwa sinemani. Tukashangaa: nchi ya Luther inawazuia watoto wasimwone Yesu? Akacheka. Akasema, "Hawazuiwi kumwona Yesu. Wanazuiwa kuona mtu akichunwa ngozi kwa dakika nyingi." Baadaye tukapata kujua kwamba Uingereza filamu hiyohiyo ilipewa 18.

Tulitaka kujua ni nani aliyeiweka namba ile, na humo ndimo tulimokuta habari ya kanisa ambayo tungependa kila mzee wa kanisa nchini mwetu aijue.

Ujerumani ni nchi ya majimbo, leo ni 16, na mambo ya utamaduni na malezi ya vijana yako kwa kiasi kikubwa mikononi mwa majimbo hayo, si mikononi mwa serikali kuu peke yake. Katiba yao ya mwaka 1949 inasema wazi kwamba hakuna ukaguzi wa serikali unaotangulia kuchapishwa kwa jambo. Walikuwa wametoka katika utawala wa Hitler, wakati ambapo hakuna filamu iliyopita bila mkono wa chama. Basi mwaka huohuo wa 1949 wenye filamu wenyewe wakaanzisha chombo cha hiari cha kujichunguza, kinachoitwa kwa kifupi FSK, makao yake Wiesbaden. Lakini hawakukaa wenyewe mezani. Waliketi pamoja na wawakilishi wa majimbo, wa vijana, na wa makanisa, la Kiinjili na la Kikatoliki. Uamuzi unaotoka pale kuhusu umri wa mtazamaji, idara za vijana za majimbo yote huuchukua kuwa uamuzi wao, na tangu hapo una nguvu ya sheria kutoka Hamburg hadi München.

Madaraja ni matano: alama nyeupe ni kwa wote, ya njano ni kuanzia miaka 6, ya kijani 12, ya buluu 16, na nyekundu ni ya watu wazima. Tangu mwaka 1985 kanda za video nazo, na baadaye diski, zililazimika kuwa na alama, wala si sinema tu. Diski isiyo na alama huhesabiwa kana kwamba ni nyekundu: haiwezi kupewa mtoto, wala kuuzwa kibandani barabarani. Hata saa zimepangwa. Mtoto wa chini ya miaka 14 asiye na mlezi lazima filamu yake iwe imekwisha kabla ya saa mbili usiku. Tangu mwaka 2003 mtoto wa miaka 6 anaweza kuingia filamu ya alama ya kijani akiwa na mzazi wake, maana sheria inaamini kwamba mzazi aliyeketi pembeni ni kinga. (Kwetu sisi ukumbini wazazi walikuwa nyuma, kwenye viti.)

Jambo lililotugusa zaidi ni dogo. FSK wenyewe husisitiza kwamba alama yao si pendekezo la malezi. Alama ya kijani haisemi filamu ni nzuri, na nyekundu haisemi ni mbaya. Alama inajibu swali moja tu: je, filamu hii yaweza kumdhuru mtoto wa umri huu? Swali la pili, yaani je, filamu hii inasema kweli, inajenga, inastahili saa mbili za maisha ya mtu, serikali ya jimbo haina ruhusa ya kulijibu. Hilo limeachiwa wahakiki, walimu, wazazi, na kanisa.

Kanisa la huko lilijifunza tofauti hiyo kwa aibu. Januari 1951 ilitoka filamu ya Willi Forst iitwayo Die Sünderin, yaani mwanamke mwenye dhambi, na mwigizaji mkuu alikuwa Hildegard Knef. Inamhusu Marina, mwanamke anayeuza mwili, anayempenda mchoraji mwenye uvimbe katika ubongo. Anarudia biashara yake ili apate fedha za upasuaji. Mchoraji anapona kwa muda, kisha anapofuka. Marina anampa dawa ya usingizi ya kumuua, naye anajiua. Mle ndani kuna nukta chache ambapo mwigizaji anaonekana uchi akichorwa. Watu wengi hukumbuka uchi ule tu na kuwacheka wachungaji wa zamani.

Tusiwacheke upesi. Jopo la kwanza la FSK liliikataa filamu. Wenye filamu wakakata rufaa, na kamati ya juu ikaipitisha bila kukata hata kipande. Mchungaji Werner Hess, aliyekuwa mjumbe wa Kanisa la Kiinjili katika mambo ya filamu, akajiuzulu, na Wakatoliki wakaondoka pia. Shida yao kubwa haikuwa uchi. Miaka kumi kabla, mwaka 1941, serikali ya Hitler ilikuwa imetoa filamu iitwayo Ich klage an, iliyotengenezwa kwa ustadi mkubwa, ya daktari anayemuua mke wake mgonjwa kwa huruma. Ilitengenezwa kulainisha mioyo ya watu wakati wagonjwa wa akili na walemavu walikuwa wanauawa katika hospitali za nchi. Mwaka 1951 wazazi wa waliouawa walikuwa bado hai. Mchungaji aliyeona tena kwenye pazia mgonjwa akiuawa kwa jina la upendo, muziki ukipigwa taratibu, alikuwa na haki ya kusimama. Kwa swali la pili alikuwa na neno zito la kusema.

Kosa, kwa maoni yetu, lilikuwa kulitaka swali la pili lijibiwe kwa nguvu ya dola. Kardinali Frings wa Köln alitoa waraka wa kuwaonya waumini wasiende. Maandamano yakaanza. Miji kadhaa ikaipiga marufuku. Mahali pengine vilitupwa vibomu vya uvundo ukumbini. Na mamilioni wakaenda kuitazama, wengi wao, tunathubutu kusema, kwa sababu ya matangazo yale ya bure kutoka mimbarini.

Habari ya vibomu vya uvundo ilitufanya tufunge kitabu kwa muda. Desemba 1930, huko Berlin, wafuasi wa Hitler wakiongozwa na Goebbels walitupa vibomu vya namna hiyohiyo, wakaachilia na panya weupe, ndani ya ukumbi uliokuwa ukionyesha All Quiet on the Western Front, filamu ya Marekani inayoonyesha vita jinsi ilivyo. Idara ya Berlin ilikuwa imeshaipitisha. Lakini sheria ya wakati ule iliziruhusu serikali za majimbo kuomba kibali kifutwe, na majimbo kadhaa, yakiwemo Saxony na Bavaria, yakaomba. Tarehe 11 Desemba filamu ikapigwa marufuku, sababu ikiwa ni heshima ya taifa. Wenye fujo walijifunza siku ile kwamba ukipiga kelele za kutosha, jimbo litakufanyia kazi yako. Hatusemi makasisi wa 1951 walikuwa kama watu wale. Baadhi yao walikuwa wameteswa na watu walewale. Tunasema kwamba chombo kile kile kikishawekwa mezani, hakichagui mkono.

Mmiliki mmoja wa sinema alikwenda mahakamani, na Desemba 1954 mahakama ya juu ya mambo ya utawala ikaamua kwamba filamu ni sanaa, inalindwa na katiba, wala mji hauwezi kuizuia kwa sababu tu imeudhi hisia za dini au maadili za watu. Hapo mlango ule ukafungwa.

Ila kuna jambo lingine lilitokea mwaka uleule wa 1951, bila maandamano wala magazeti. Kanisa la Kiinjili lilianzisha jopo la kuchagua filamu ya mwezi. Walikuwa tayari na jarida la kuhakiki filamu. Kila mwezi watu wachache waliketi, wakatazama, wakabishana, wakaandika: hii itazameni, na sababu ni hizi. Baadaye, kuanzia miaka ya 1970, kazi kama hiyo ikazaa majopo ya pamoja ya Waprotestanti na Wakatoliki katika matamasha makubwa kama Locarno na Cannes. Na makanisa yalirudi pia katika meza ya Wiesbaden, kusaidia kujibu swali la kwanza tu, la umri. Ungamo letu la Augsburg, katika makala ya 28, limekwisha kufundisha jambo hilo karibu miaka 500: mamlaka ya kanisa ni kuhubiri na kufundisha, si kushika upanga wa mtawala, na mtawala naye analinda mwili na mali, hasimamii mioyo. Tulilikariri chuoni kwa ajili ya mtihani. Tulilielewa mbele ya rafu ya filamu.

Hatutaki msomaji adhani wenzetu wamemaliza kila kitu. Katika majimbo mengi ya Ujerumani, sheria ya sikukuu bado inakataza kuonyesha hadharani siku ya Ijumaa Kuu filamu isiyofaa siku ya kimya, na FSK ndiyo inayopima ufaavu huo. Vichekesho vya Life of Brian, vya mwaka 1979, vimo katika orodha ya zisizoruhusiwa. Katika mji wa Bochum kikundi cha watu wasio na dini kimeionyesha makusudi siku hiyo, kikapigwa faini, kikaonyesha tena. Tulimuuliza mama mwenyeji anaonaje. Akasema anaipenda siku ile iwe kimya, lakini anaona haya kwamba polisi ndio wanaomnyamazishia jirani yake. Sisi tuliinama. Wao wanaomba dola iwasaidie kuikataza filamu ya dhihaka siku ya Ijumaa Kuu. Sisi, siku hiyohiyo, tulimwonyesha mtoto wa miaka sita filamu ya damu, na hakuna askari aliyetugusa.

Turudi nyumbani. Tanzania tunayo Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, namba 4 ya mwaka 1976. Ni kali kuliko ya Wajerumani: mtu huomba kibali kabla ya kupiga picha, na filamu hukaguliwa na kupangiwa daraja na Bodi ya Filamu kabla ya kuonyeshwa. Sheria imefikiria hata ngazi za mkoa na wilaya, na kwa wengi wetu sura ya jambo hili ni afisa utamaduni wa wilaya mwenye meza moja na mafaili mengi. Zanzibar wana chombo chao wenyewe. Karatasi zipo, basi. Ukitoka nje ya ofisi ile ukatembea hatua chache utafika kwenye kibanda umiza, benchi za mbao, pazia jeusi mlangoni, sauti ya dijei anayetafsiri kwa mbwembwe filamu ya Kichina au ya Kimarekani, na ndani wamo watoto wenye sare za shule. Hakuna alama ya buluu pale. Na wale wasio na hela ya kiingilio wanatazama kwenye simu ya kaka.

Katika vikao vyetu vya kanisa tumesikia mara nyingi hoja ya kuandikia serikali barua: filamu fulani ifungiwe, wimbo fulani ufungiwe. Tumewahi kuiunga mkono hoja hiyo sisi wenyewe, na kupigiwa makofi. Lakini hatujawahi kusikia katika kikao mtu akiuliza ni usharika upi umemtembelea mwenye kibanda, ukakaa naye, ukamuuliza saa ngapi watoto watoke. Barua ni rahisi. Tena barua inalitaka jimbo au wilaya iseme filamu ipi ni mbaya kwa roho, neno ambalo sisi tulitiwa mafuta kulisema na hatulisemi, kwa sababu filamu zenyewe hatuzitazami. Tunahubiri juu ya tamthilia kwa kusikia majina yake.

Na tukitazama, tutazame kwa haki. Tuliitazama tena The Passion, peke yetu, kwa daftari. Kuna uzuri ndani yake. Mariamu anapomkimbilia mwanawe aliyeanguka na msalaba, akamkumbuka alivyoanguka akiwa mtoto, tulilia kama mara ya kwanza. Lakini mijeledi! Mathayo, Marko na Yohana wanaitaja kila mmoja kwa maneno machache mno, kisha wanaendelea na safari. Luka anapita hata karibu na kimya. Walikuwa wanajua mjeledi wa Kirumi ni nini, wala hawakutaka tukae pale. Gibson anatukalisha pale mpaka hatuoni tena ni nani anayepigwa, tunaona nyama. Sisi Walutheri tunasema imani huja kwa kusikia. Jioni ile watoto wetu hawakusikia neno lolote, kwa sababu mwinjilisti alikuwa amenyamaza na maandishi yalikuwa ya Kiingereza. Waliachiwa picha peke yake, kubwa kama ukuta. Tungewasomea Marko 15 kwa taa ya chemli wangepata injili zaidi.

Tuliporudi tuliliomba baraza la wazee jambo dogo. Filamu yoyote itakayoonyeshwa ukumbini itazamwe kwanza na watu watano: mwalimu wa shule ya Jumapili, mzazi, kijana aliyepata kipaimara, mzee wa kanisa, na bibi yule. Wanajibu maswali mawili, kwa mpangilio. Kwanza, ni ya umri gani. Pili, ina nini. Mchungaji hana kura katika la kwanza. Mwaka jana walitukatalia filamu ya Nuhu tuliyoipenda sana. Bibi alisema watu wanazama kwa muda mrefu mno na hakuna anayewalilia. Mzee mmoja hakukubaliana naye mpaka leo. Ilipewa miaka 12, na baada yake palikuwa na mazungumzo ya saa nzima, marefu kuliko filamu nyingi tulizowahi kuonyesha. Mwenye kibanda cha sokoni alikuja kusikiliza, akakaa nyuma. Ameweka ubao mlangoni kwake sasa, umeandikwa kwa chaki: watoto mwisho saa kumi na mbili. Wakati mwingine mvua huufuta.

Mtoto yule ana miaka 14 sasa, yuko darasa la kipaimara. Ni mwerevu, anajua Katekismo Ndogo kuliko wenzake, anapiga na kinanda. Mwezi uliopita tulimuuliza mbona hajawahi kuonekana ibada ya Ijumaa Kuu. Akasema huwa anabaki nyumbani kumsaidia bibi. Tukamwambia bibi huwa yuko kanisani siku hiyo, mstari wa tatu. Akatazama chini, akasema, "Najua, Baba Mchungaji."